Mkono Sugu

Roboti lilivunja mlango wa ghala la nguo lililokuwa likiwaka, likapotelea ndani ya moshi, kisha likatoka na mtu aliyefunikwa blanketi la kinga. Watu wa Mbeya waliojaa barabarani wakapiga vigelegele.

Ndani ya gari la kuongozea, mhandisi Atupele alitazama kipimajoto cha kiganja cha roboti: nyuzi mia nne. Alumini ya kawaida ingekuwa imelegea zamani. Yake ilikuwa ngumu vilevile. Alikuwa ameisaga ikawa unga, akauchanganya na vumbi laini la kauri, kisha akaushindilia kwa joto kali mpaka ukawa pande moja. Punje za kauri ziliishikilia metali kama kokoto ndani ya zege. Aliiita alumini sugu.

"Hata kidole kimoja hakijapinda!" alishangilia mkuu wake, Dakta Kihwele. "Sasa tuyapeleke maroboti haya miji yote."

Jioni Atupele alikwenda hospitali kumwona aliyeokolewa, Bi. Sekela, fundi cherehani. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta.

"Hilo dude lako lilinikamua kama nguo ya kuanika," alisema Sekela.

"Vihisio vya vidoleni, vinavyopima nguvu ya kushika, viliungua, mama. Metali ilistahimili moto, vyenyewe havikuweza."

"Kwa hiyo halikujua kama limeshika mtu au gogo?"

"Halikujua."

"Uhai nashukuru, mwanangu. Ila mimi nakula kwa mkono huu."

Kesho yake Atupele alizuia maroboti yasitoke.

"Mfupa huunga, Atupele. Aliyeungua haungi," alisema Dakta Kihwele.

"Na kama ni mkono wa mtoto mchanga, Dakta?"

Kihwele akampa mwezi mmoja wa kuurekebisha mkono.

Atupele alivihamishia vihisio ndani ya kiwiko, mbali na moto, akaviunganisha na vidole kwa vijiti vyembamba vya alumini ileile. Siku ya jaribio, Sekela akiwa amealikwa, mkono wa roboti ulitolewa tanuruni ukashika yai lililoviringishwa blanketi la kinga. Yai halikupasuka.

Kihwele akapiga makofi. Sekela hakupiga.

"Yai halilii, mwanangu. Weka mkono wako."

Atupele aliuzungushia mkono wake blanketi, akaunyoosha. Vidole vya metali vikajikunja taratibu, vikamgusa, vikasimama.

"Umekuumiza?"

"Hapana, mama."

"Sasa machozi ya nini?"

"Umejua kuwa umeshika mtu, mama."