Boksi la Karatasi Kituoni

Aliyenisimulia haya ni dada wa fundi mmoja wa mafriji, mwezi wa tatu mwaka huu, tukiwa kwenye foleni ya kupimwa macho. Foleni haikusogea tangu asubuhi mpaka mchana, na yeye si mtu wa kubakiza kitu kifuani, kwa hiyo niliyapata yote.

Mdogo wake huyo mtaani wanamwita Baridi kwa sababu ya kazi yake, maana tabia yake ni moto mtupu. Jumatatu moja alifika kibandani kwake akakuta kufuli limekatwa, mtungi wa gesi hakuna, sanduku la vifaa hakuna, na kompresa mbili za mafriji ya wateja zimechukuliwa. Akaenda kituo cha polisi na ovaroli yake ya buluu, mikono ina grisi, hasira ziko kooni.

Kituo kilikuwa kimejaa. Watu wamebanana kwenye mabenchi mawili, wengine wamechuchumaa ukutani, na nyuma ya kaunta askari mmoja tu, mwanamke, koplo. Shati lake lilikuwa limepauka mabegani, lakini limepigwa pasi mpaka mstari wa mkono unasimama wenyewe. Zamu ya Baridi ilipofika akaeleza shida yake. Koplo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia akanunue karatasi mbili ndipo aandikiwe maelezo.

“Sema tu unataka chai,” Baridi akamwambia, kwa sauti ya kusikika mabenchi yote mawili.

Koplo alichomoa droo ya kaunta akaipindua mbele yake. Kikaanguka kibanio kilichovunjika, kifuniko cha kalamu na mende mkavu.

“Tafuta humo,” alisema. “Ukiiona karatasi, nipe na mimi.”

Watu wakacheka. Baridi akatoka na aibu yake kwenda duka la ng'ambo ya barabara, ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kuuza karatasi moja moja kwa watu waliotumwa na kituo. Mlangoni alipishana na bibi mmoja anarudi kwake bila kuandikiwa, kwa kuwa hata hiyo karatasi moja hakuwa na cha kununulia.

Maelezo yalipoandikwa, mbele na nyuma, kwa herufi ndogo za kubana, Baridi akauliza watakuja lini kukagua kibanda. Koplo akasema gari la doria halijaona petroli tangu mwezi uliopita, atakuja mwenyewe kwa miguu akimaliza zamu. Baridi alimcheka usoni.

Kesho yake saa nne asubuhi Koplo huyo hapo kibandani, vumbi mpaka magotini. Alikuwa kazini tangu jana yake, maana waliostaafu hawakupata wa kuziba nafasi zao, na zamu ya watu wanne walikuwa wanaigawana wawili. Alikagua kufuli, akapima alama za viatu kwa shibiri, akahoji majirani mmoja mmoja. Baridi alimpa maji. Akamtazama anavyokunywa, amesimama, jicho moja bado liko kwenye alama za viatu, na kile kicheko cha jana kikamsuta.

Siku ya nne simu ikaita. Koplo alikuwa anapiga kwa salio lake.

“Fundi, kompresa zako nimezikuta kwa muuza chuma chakavu, na aliyezipeleka ninaye. Njoo uzitambue. Uje na usafiri.”

“Afande, haraka hivi? Au ulikuwa unatafuta sababu ya kunipigia?”

“Nina sababu hamsini kwenye daftari langu. Wewe ni wa arobaini na tisa.”

“Wa hamsini ni nani?”

“Kuku aliyepotea. Yeye ana adabu.”

Basi ikawa hivyo. Simu zikawa mbili kwa siku, kisha nne, na ugomvi ndani ya kila moja. Koplo akimwambia anaongea kama friji bovu, kelele nyingi na ubaridi hakuna. Baridi akimuuliza kama hata busu analiandikia maelezo. Siku za mapumziko Koplo alikuwa anavaa gauni la kijani lenye mkanda mwembamba, miguu ikatoka kwenye mabuti ya kazi ikapata hewa, na Baridi alikuwa anatembea kando yake kama mtu aliyeshinda kesi.

Dada mtu hakutaka kusikia. Alishawahi kulala mahabusu siku mbili kwa kosa la mpangaji mwenzake, na tangu hapo alikuwa akiona sare anavuka barabara. Alimwambia mdogo wake waziwazi kwamba askari wake huyo asikanyage pale nyumbani.

Sasa hapo ndipo Baridi alipoharibu. Yule bibi aliyerudishwa mlangoni alikuwa hamtoki kichwani, na Koplo alikuwa anarudi kutoka kazini na vidole vina alama za kalamu mbovu. Asubuhi moja, bila kumwambia mtu, akanunua boksi zima la karatasi, rimu tano, na kalamu juu yake. Akaingia nalo kituoni begani, akapita katikati ya mabenchi, akalitua juu ya kaunta. “Hii ya Koplo,” akasema, akatabasamu.

Kesi ya mwizi wake ilikuwa bado mahakamani, na yeye ndiye mlalamikaji. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlango wa ofisi yake, akaona kila kitu. Alimuuliza Koplo, mbele ya watu wale, tangu lini walalamikaji wanamletea zawadi kaunta. Boksi likapelekwa stoo likawa kielelezo. Koplo akaambiwa avue sare, asubiri mkaguzi kutoka makao makuu. Alitoa shati, kofia na sketi. Mkanda na mabuti akakataa.

“Hivi nilinunua mwenyewe,” alimwambia mkuu wake. “Mwaka wa tatu huu mnasema vinakuja.”

Jioni ile simu ilikuwa ya namna nyingine.

“Umefurahi?” Koplo aliuliza.

“Nilikuletea karatasi, mpenzi. Sikuleta bangi.”

“Nilikuomba?”

“Niliona unavyohangaika.”

“Ulitaka watu wakuone. Umebeba boksi begani kama unaleta mahari. Ungeuliza, ningekwambia mlalamikaji haleti kitu, hata maji.”

Badala ya kuomba radhi, Baridi akamuuliza ni kazi gani hiyo ya kuililia, mtu mzima anapindua droo mbele za watu.

“Miaka kumi na mmoja nimeifanya,” Koplo alisema. “Wewe umeiona asubuhi mbili.” Akakata, na namba ya Baridi akaifungia.

Wiki tatu Baridi alikuwa mtu wa kununa, chakula hakimalizi. Mwishowe dada mtu akachoka. Alimwambia askari yeye hawapendi na hatawapenda, lakini mtu amemvunjia mwenzake kazi halafu anakaa kubinua midomo kwenye sahani. Aende akaseme.

Siku ya mkaguzi Baridi alikwenda bila kuitwa. Alimkuta Koplo kwenye kiti cha mbao, gauni la kijani, mabuti miguuni. Askari wenzake watatu walikuwa wameshahojiwa na wote wamesema kituo hakijawahi kupungukiwa karatasi, maana ndivyo mkuu alivyokuwa anawaandikia wakubwa wa juu kila mwezi. Mkuu anayelalamika hapandi cheo. Koplo alikuwa anawatazama wenzake bila kupepesa, nao wanatazama sakafu.

Baridi akasema ana maelezo. Mkaguzi akaomba karatasi ayaandike, maana zake zimekwisha.

Karani wa kituo akatoka. Akakaa sana. Akaja, akamnong'oneza mkuu. Mkuu akatoka mwenyewe, na aliporudi alikuwa na karatasi tano nyeupe, mpya kabisa. Mkaguzi alizigeuzageuza.

“Hizi umezitoa wapi?”

Mkuu akasema stoo.

“Kwenye kielelezo?”

Mkaguzi akavaa miwani, akamwambia Baridi aseme, naye akaanza kuandika kwenye karatasi hizo hizo. Baridi alisema yote, na bibi wa mlangoni, na droo, na chai aliyomsingizia Koplo siku ya kwanza.

Hukumu ilikuwa fupi. Koplo arudi kazini na onyo mkononi, kwa kuwa mlalamikaji haletewi wala haleti. Mkuu abaki mahali pake. Boksi mkaguzi akalipakia kwenye gari, akaondoka nalo. Hata makao makuu hawakuwa na karatasi.

Nje Koplo alimfuata Baridi kwa hatua ndefu.

“Nani alikuita?”

“Nimekuja kusema nilikosea. Na nataka nikuoe.”

“Hapa kituoni ndiyo unaniambia hivyo?”

“Simu umeifunga. Nikwambie wapi?”

Koplo akasema hana nafasi ya kujibu, askari wawili wanaumwa na zamu yake imeshaanza. Akaingia ndani kuvaa shati.

Kesho yake mchana dada mtu alisikia mlango unagongwa. Akafungua, Koplo huyo, amejishikiza ukutani, ametoka kukesha kaunta. Baridi alikuwa kwa mteja.

“Dada, shikamoo,” Koplo alisema. “Mwambie mdogo wako jibu ni ndiyo. Mimi naomba pa kukaa dakika tano.”

Dada alisimama mlangoni. Alimwangalia sare, akamwangalia uso. Akasogea kumpisha. Koplo alifika kwenye mkeka, akavua buti moja, na la pili halikutoka, usingizi ulimkuta hapo. Dada akalivua mwenyewe.

Baridi aliporudi aliambiwa ameshakubaliwa na asifanye kelele. Alikaa chini kando ya mkeka, ovaroli na grisi zake, akakaa akimtazama mchumba wake mpaka naye kichwa kikamwangukia begani kwa usingizi.

Ndipo simu ya Koplo ikaita. Dada akaipokea.

“Wifi yangu amelala,” alisema. “Wewe nani? Aa, ndiye mkuu wa kituo.” Akasikiliza. “Hakuna mwingine? Basi kaa kaunta wewe.”

Akaizima, akaiweka chini ya kanga yake, akajinyoosha kwenye kochi, naye akalala.