Samadi Iliyouzwa Njiro

Kila asubuhi mama yangu, Ndeshi, alizoa mavi ya ng'ombe bandani na kuyarundika nyuma ya jiko. Samadi hiyo ilikuwa ya migomba na mahindi. Tuliishi mlimani, juu ya Tengeru, na shamba letu lilikuwa kwenye mteremko.

Mwaka 1995 maduka ya mbolea ya watu binafsi yalifunguliwa kila kona. Baba akauza nusu ya rundo kwa wenye bustani za Njiro, mjini Arusha, akarudi na mfuko wa urea.

“Hii ndiyo ya kisasa,” alisema. Siku ya kupanda akaimwaga yote. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo.

Mahindi yalipofika magotini, yakawa ya njano. Siku moja lori likaja kuchukua samadi iliyobaki, ambayo Baba alikuwa ameiuza nayo. Mama akasimama mbele ya rundo, beleshi mkononi.

“Baba Lilian! Chakula cha watoto kimekwenda mtoni, na hiki nacho unakitoa?”

“Mama Lilian, usinitie aibu mbele ya watu.”

“Aibu utaiona watoto wakilala njaa! Na wewe dereva, geuza gari!”

Dereva akacheka. “Mama, mavi tu haya.”

“Mbona umepanda mlima kuyafuata?”

Lori likashuka tupu. Kelele zilimleta jirani yetu Kandida, mfanyakazi wa shamba la maua. Akachimba kidogo penye shina la mhindi mmoja.

“Shemeji, nani alikwambia uweke yote siku moja?”

“Muuzaji.”

“Huyo anajua kuuza tu! Urea huyeyuka upesi. Mche mdogo hauwezi kuila yote, mvua ikaosha iliyobaki. Kwenye maua tunatumia punje za mbolea zenye utando. Hutoa chakula polepole, miezi kadhaa. Madukani hapa hazipo. Lakini samadi iliyooza vizuri nayo hutoa polepole, tena hushika udongo.”

“Na haya ya njano?” Mama alifoka.

“Nitakuletea urea kidogo. Kisoda kimoja kila mche, pembeni ya shina, ufukie. Msimu ujao, samadi kila shimo kabla ya kupanda.”

Mwaka ule tulivuna magunia mawili tu. Tulikula ndizi mpaka tukazichukia.

Msimu uliofuata Baba mwenyewe alibeba samadi, shimo kwa shimo. Mvua zilinyesha vilevile, na mahindi yakabaki kijani mpaka yakabeba. Baba akachoma hindi la kwanza, akampa Mama.

“Bado nina hasira,” Mama alisema.

“Najua.”

Mama akalila lote. Hakumgawia hata punje.