Jogoo wa Suruali

Siku ya soko Keroka, ukikosa cha kununua hutakosa cha kusikia. Na siku ile, mwaka wa sabini na mbili, habari iliyozunguka upesi kuliko mbuzi aliyekata kamba ilikuwa ya Eucabeth Kwamboka, fundi wa cherehani pale barazani kwa Mhindi: amekuja na kuku aliyevaa suruali.

Kuku mwenyewe alikuwa kikapuni. Mweupe pe, shingo ina weusi kama aliyejifunga skafu, mzito wa kuvunja mkono, na miguu yote imefunikwa manyoya hadi vidoleni. Alikuwa Brahma, aina ya kuku wakubwa wa kizungu. Marehemu baba yake Eucabeth alikuwa mpishi wa mzungu mmoja huko Sotik, na mzungu alipouza shamba akaondoka, akamwachia mpishi wake kizazi cha kuku hao. Sasa alibaki huyu mmoja.

"Dada, bei gani?"

"Simuuzi. Namtafutia mume."

Soko likaangua kicheko. Ila karibu na lori la kabichi mtu mmoja hakucheka.

"Mume yupo," akasema. "Yuko kwangu Mosocho, naye useja umemchosha."

Eucabeth akageuka. Aliona kijana mrefu, shati la maua, kola pana kama masikio ya mbuzi, na suruali iliyopanuka chini ikafagia matope yote ya Keroka.

"Naona," akasema, akiiangalia ile suruali. "Hata wewe mwenyewe ni Brahma."

Hapo ndipo kijana huyo, Thadeus Ogari, alipocheka, na akicheka alikuwa na pengo dogo la meno mbele ambalo Eucabeth aliondoka nalo moyoni. Thadeus aliuza misumari na mabati katika duka moja Kisii mjini, lakini ukimgusa habari ya kuku, misumari huisahau. Jogoo wake alimpata kwa meneja wa chai Kericho. Mwenye jogoo hana kuku, mwenye kuku hana jogoo. Mungu atumie lugha gani tena?

Jogoo akaletwa Keroka kukaa na mwenzake. Na simu zikaanza. Eucabeth alipiga kutoka dukani kwa Mhindi, Thadeus akapokea kule Kisii, na katikati alikuwa Manasseh, opereta wa simu, ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha na starehe yake kusikiliza.

"Mpenzi, jogoo wangu anakula?"

"Anakula kuliko wewe. Umekonda."

"Nimekonda kwa kukuwaza."

"Mwongo huyo!" Manasseh akadakia. "Jana nilimwona hotelini na sahani mbili."

Raha tupu. Ila Eucabeth alifanya jambo moja dogo. Msichana kupokea jogoo wa mwanamume ambaye hajafika kwao, midomo ya majirani ingemla mzima. Kwa hiyo mama yake, Mama Bathsheba, alipouliza, alijibu, "Nimemnunua."

Jumapili Thadeus alipokuja kujulishwa nyumbani, Eucabeth alitumwa dukani kuchukua soda. Aliporudi, nyumba ilikuwa imefurika majirani. Thadeus alikuwa amekalishwa kiti cha marehemu, sahani imejaa, firigisi juu kabisa.

"Kula, baba," Mama Bathsheba alimhimiza. "Hapa kwetu mtu kama wewe hachinjiwi kifaranga."

"Asante, mama. Hii nyama ni kama ya ndama!" Thadeus akalamba kidole. "Eucabeth, hebu niletee yule jogoo wangu nimsalimie."

Eucabeth alikuwa ameshaona. Pale mlangoni pa jiko mbwa alikuwa akiguguna mguu, na mguu ulikuwa na manyoya.

"Jogoo wako gani, baba?" mama akauliza.

"Yule mkubwa, wa suruali."

"Yule ni wa Eucabeth! Alimnunua, aliniambia kwa kinywa chake. Nami nikasema, jogoo mkubwa kuliko wote ndiye wa mgeni mkubwa kuliko wote."

Thadeus akaweka mfupa chini polepole, akashukuru, akatoka. Eucabeth akamkuta migombani.

"Mama hakujua, Thadeus. Alikuheshimu."

"Mama sina neno naye. Firigisi yake nimeila kwa upendo. Wewe je? Mimi najitapa Kisii nzima kwamba nina mchumba Keroka, kumbe kwenu mimi sipo. Kwenu nimenunuliwa sokoni."

"Niliogopa midomo ya watu."

"Basi kaa na hiyo midomo."

Akaenda, suruali ikifagia umande.

Ndani, Mama Bathsheba alikuwa ameshika kichwa. "Si ulisema umenunua?"

"Nilisema, mama. Kosa ni langu. Mayai ya Brahma yako wapi?"

"Kwenye debe la wimbi. Nilitaka kuyakaanga, sufuria zikanipungukia."

Eucabeth alilikumbatia lile debe kama mtoto. Brahma ni mzito, akiatamia huvunja. Kwa hiyo mayai aliyatia chini ya kuku wa kienyeji, mwembamba lakini mwenye roho. Kisha akapiga simu Kisii.

"Thadeus hayupo," ikajibu sauti.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi... ni jirani yake."

"Ni yeye huyo, dada!" Manasseh akasema. "Pua yake naisikia."

Simu ikakatwa. Akapiga kesho yake, ikakatwa. Akaacha kupiga.

Mayai mengi yalikuwa viza. Vifaranga vichache vikatoka. Mwewe akachukua, baridi ikachukua, akabaki mmoja. Eucabeth akamtia kwenye boksi chini ya cherehani, kando ya pasi ya makaa, akawa akishona huku mguu mmoja unakanyaga pedali na mwingine unazuia paka.

"Jogoo ameliwa, mwanamume amekwenda," Persis, fundi mwenzake, akamcheka. "Wewe unalea manyoya?"

"Nalea jibu," Eucabeth akasema, akakata uzi kwa meno.

Mahindi yakapandwa, yakavunwa. Asubuhi moja jibu likasimama juu ya cherehani, likawika kwa sauti ya kukwaruza. Eucabeth akavaa gauni la manjano alilojishonea, lililoshika kiuno barabara, na viatu vya soli nene. Akambeba jogoo mikononi, wazi, bila kikapu, akateremka stendi ya Kisii.

"Eh, dada! Umemnunua wapi?"

"Sikununua! Ni uzao wa jogoo niliyepewa na Thadeus Ogari, mchumba wangu!"

Kila aliyeuliza alijibiwa vivyo hivyo, na wasiouliza pia waliambiwa. Alipofika dukani, habari ilikuwa imetangulia na imeshakaa. Watu walijaa mlangoni. Thadeus alisimama kati ya misumari na mabati.

"Nasikia kuna mwanamke anapita mjini akilitaja jina langu."

"Nalitaja kwa sauti. Kama hukusikia, narudi stendi nianze upya."

Thadeus alimpokea jogoo, akamfunua manyoya ya mguu, akayapapasa.

"Miguu ni ya baba yake," akasema. "Nani alimlea?"

"Mimi na pasi ya makaa."

"Na midomo ya watu?"

"Si hii hapa imejaa mlangoni? Waulize wamesikia nini."

"Mchumba wake!" mlango mzima ukaitika. Lile pengo likaonekana.

"Nikija kwenu, mama yako si atanichinjia tena?"

"Amesema wewe utakula maharagwe mpaka siku ya posa."

"Basi asiyaloweke. Nakuja Jumapili na wazee."

Simu ikalia. Alikuwa Manasseh: "Amekubali? Semeni, watu wamejaa hapa posta!"

Jumapili hiyo Mama Bathsheba alichinja mbuzi. Jogoo akapita katikati ya wazee kwa suruali yake, kifua mbele, na mzee mmoja akamtazama kwa jicho la njaa.

"Na huyu, mama, mnamwekea nani?"

Mama Bathsheba akasimama katikati yao, mwiko mkononi.

"Huyo, baba, ndiye mshenga. Na mshenga haliwi."