Majina Yasiyoandikwa Ndani ya Programu

Kila Jumamosi asubuhi, Raya alifuatana na baba yake, Mzee Kombo, kutoka Ngara mjini hadi soko la kambi ya wakimbizi ya Lukole. Baba alipokuwa akipanga vitenge, yeye alikwenda kituo cha vijana kando ya geti, ambako watoto wa vijijini na watoto wa wakimbizi walifundishwa kompyuta pamoja. Hapo alikaa benchi moja na Nyandwi, msichana mkimbizi kutoka Burundi. Wawili hao walikuwa wameunda programu ya kuwafundisha watoto wadogo Kiswahili. Kompyuta ilionyesha neno la Kirundi, *inkoko*, na mtoto akachagua jibu: kuku. Nyandwi alitoa maneno na kupanga maswali. Raya aliandika maagizo ya kompyuta.

Kituoni palikuwa na desturi moja. Kila disketi ilibandikwa kijikaratasi chenye jina, na mwenye jina hilo ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye kazi iliyomo. Raya alibandika jina lake, akaona imetosha.

Jumamosi moja aliwakuta wenzake wamemzunguka Luqmani, mwanafunzi wa darasa lao. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na *inkoko*.

"Tazameni kazi ya fundi!" Luqmani alitamba. "Shirika linaloendesha kituo hiki limeipenda. Naenda kusomea kompyuta Mwanza!"

"Hiyo ni yangu!" Raya alisema. "Uliazima disketi yangu ukasema unajifunza!"

"Yako? Jina lako liko wapi, dada? Hata kuku mwenyewe hakujui!"

Wenzake wakaangua kicheko. Raya alikimbilia kwa Mwalimu Celestini, aliyewafundisha kompyuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unalia?"

Raya alipokwisha kueleza, mwalimu alishusha pumzi. "Nimekwisha kumpendekeza Luqmani kwa nafasi ya Mwanza. Ilete disketi yako."

Disketi ililetwa, lakini haikufunguka. Vumbi jekundu la Lukole lilikuwa limeiharibu.

Mwalimu alimwita Luqmani. "Neno 'maji' limekosewa hapa. Lisahihishe."

Luqmani alibonyeza hiki na kile, lakini kosa likabaki pale pale. Alikuwa amenakili programu iliyokamilika tu. Maagizo yaliyoiunda hakuwa nayo, wala hakuyajua.

"Raya, kaa wewe. Andika unachokumbuka."

Raya aliandika mstari baada ya mstari, na programu ikaanza kuuliza maswali. Luqmani akainamisha kichwa. "Nisamehe, Raya. Niliinakili."

Lakini vidole vya Raya vilikuwa vimesimama.

"Mbona huendelei?" mwalimu aliuliza.

"Maneno yanayofuata aliyapanga Nyandwi. Mimi sijui Kirundi, siwezi kuyakumbuka."

"Kumbe! Na jina lake ulilibandika wapi?"

Raya aliitazama disketi yake, yenye jina moja tu.

"Yuko wapi tumuulize?"

"Aliondoka Alhamisi, mwalimu. Familia yake ilipanda malori ya kurudi Burundi. Sijui wanakaa wapi."

Mwalimu aliliandikia shirika siku hiyo hiyo, jina la Luqmani likafutwa. Jibu lilichelewa, nalo halikuwa na furaha: shirika lilikuwa likifunga kazi zake Lukole, na nafasi ya Mwanza haikuwapo tena kwa yeyote.

Raya alikaa mbele ya kompyuta, akaandika mwanzoni kabisa mwa programu: *Watungaji: Nyandwi na Raya, 2004.*

"Hapo ndipo mahali pake," alisema Mwalimu Celestini. "Sheria humpa mtunzi hakimiliki tangu anapoiandika kazi yake, lakini kijikaratasi hubanduka. Andika jina na mwaka ndani ya programu, tunza maagizo yake mahali pawili, na usimpe mtu nakala bila kukubaliana naye. Tena, mwanangu, unapoandika majina, usimwache uliyetunga naye. Luqmani alikufanyia ulichokuwa umemfanyia Nyandwi."

"Je, ataliona jina lake, mwalimu?"

Malori mengine yalikuwa yakipita getini. Mwalimu aliyatazama hadi vumbi likatua.

"Sidhani," alisema. "Liandike hivyo hivyo."