Namba Kumi na Moja wa Chaza

Siku ile kikosi kilianzia namba mbili, na hakuna aliyeshtuka isipokuwa Kitwana.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, kwenye kijiwe cha kahawa cha Mtaa wa Narung'ombe, mbele ya duka la Ridhiwani la vipuri vya cherehani. Wazee wa Chaza Sports walikuwa na mchezo wao ambao kwa miaka arobaini hawakuuchoka: walikihesabu kikosi kilicholeta kombe la mwaka themanini na nne. Mmoja anamtaja kipa na kusimulia kisa chake kimoja, wa pili anamtaja beki wa kulia, hivyo hivyo mpaka winga wa kushoto. Anayekwama anawanunulia wenzake kahawa.

"Namba mbili, Likwenya," alianza Mzee Mwinyimvua, aliyekuwa katibu wa klabu enzi hizo. "Alicheza fainali kidole cha mguu kimevunjika. Nikamuuliza, akasema kinamwasha tu."

Watu wakacheka. Kitwana akauliza, "Na kipa?"

"Kipa gani?"

"Kipa wetu, Mzee. Namba moja."

Mwinyimvua akafikiri. "Kwani tulikuwa na kipa?"

"Ndiyo maana mlikuwa mnafungwa kama mlango wa stoo!" Ridhiwani akadakia kutoka dukani, na kicheko kikavuma mpaka kwa wauza vitenge wa ng'ambo ya barabara.

Kitwana naye angecheka. Lakini alipotaka kulitaja jina la kipa yeye mwenyewe, hakulikuta. Ilikuwa kama pengo la jino. Ulimi unapajua mahali pake, ila jino halipo.

Akainua macho ukutani. Juzi tu Ridhiwani alikuwa ameandika majina yote kumi na moja kwa rangi ya buluu, kwa heshima ya kombe kutimiza miaka arobaini. Mstari wa kwanza sasa ulikuwa ukuta mtupu wenye unyevu. Na hewani palikuwa na harufu asiyoinusa tangu alipostaafu mpira, harufu ya dawa ya kuchua misuli iliyochanganyika na majani yaliyolowa, wakati mvua haijanyesha Kariakoo mwezi mzima.

Mwisho wa benchi alikaa mgeni. Alikuwa mwembamba, kanzu yake safi, na chini ya kanzu alivaa soksi ndefu za mpira zilizovutwa mpaka magotini.

"Endeleeni," akasema kwa upole. "Namba tatu ni nani?"

*

Kitwana hakuwa shabiki tu. Yeye ndiye aliyekuwa winga wa kushoto, namba kumi na moja. Namba kumi alikuwa mdogo wake, Nurdin. Dakika ya themanini na nane Kitwana alikimbia na mpira mpaka kwenye kibendera, akamwaga krosi, Nurdin akapaa na kuupiga kwa kichwa. Mwaka uliofuata Nurdin aliugua homa siku nne, akafariki. Hakuacha mke wala mtoto. Aliacha goli.

Goli hilo ndilo lililomweka hai mama yao. Bi Zamda alikuwa amekaribia miaka tisini na macho yake yalikwisha kufa, lakini kila jioni, Kitwana akirudi nyumbani, humwita kitandani pake.

"Kitwana, baba, hebu nipe goli la mdogo wako."

Naye humsimulia neno kwa neno, na mama hutabasamu gizani mwake kama mtu anayeota jua.

Siku ya pili Likwenya hakuwepo ukutani. Siku ya tatu hakuwepo namba tatu. Jioni ile akaja mama mmoja, Bi Tatu wa Mtaa wa Sikukuu, amekumbatia picha ya harusi yenye fremu.

"Shikamooni, kaka zangu. Nyinyi ni watu wa zamani," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nisaidieni. Huyu mwanamume aliyesimama na mimi ni nani?"

Walipokezana picha ile. Bibi harusi alikuwa yeye. Bwana harusi alikuwa kijana mrefu mwenye mikono mipana. Hakuna aliyemjua.

"Nimezaa watoto watano," alinong'ona Bi Tatu. "Nimezaa na nani?"

Hapo ndipo Ridhiwani alipoacha utani. Aliyapiga picha kwa simu majina yaliyobaki. Asubuhi picha zilionyesha ukuta mtupu. Siku ya nne waliamua wasikutane kabisa, kila mtu abaki kwake. Kitwana alikaa chumbani na mama yake, mlango umefungwa. Alasiri ilipoingia, akasikia kwenye ukumbi wa nyumba, ule ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, njumu zikikanyaga saruji: kwa, kwa, kwa, kwa. Zikasimama mlangoni. Ile harufu ikapenya chini ya mlango.

"Namba nne," sauti ikasema taratibu, na Kitwana akahisi jina la mtu aliyekula naye sahani moja miaka saba likichomoka kichwani mwake kama uzi kwenye sindano.

"Nani huyo, baba?" Bi Zamda akauliza.

"Si mtu, mama. Lala."

*

Walimleta Shehe Abdulhamid, msomaji aliyezoea kazi hizo. Alisoma, akafukiza ubani, akanyunyiza maji ya zafarani ukuta mzima. Alipomaliza aliwaita Kitwana na Mwinyimvua pembeni.

"Huyu sitamtoa," akasema. "Jini mvamizi nitampiga kwa kisomo akimbie. Huyu amekuja kudai ahadi. Kuna mtu alimwahidi kitu. Nani?"

Mzee Mwinyimvua akalia kabla hajasema.

"Kamati ya ufundi tulikuwa watatu, nimebaki mimi. Kabla ya fainali tulikwenda kwa mtu, huko Pangani. Akatuombea msaidizi, anaitwa Sajari. Yeye ndiye aliyemfunga macho kipa wao ule mpira ulipopigwa. Hakutaka mbuzi, Kitwana, hakutaka damu. Alisema, 'Mkikihesabu kikosi, na mimi mnihesabu.' Tukaitikia. Kuitikia kuna uzito gani? Kombe lilipokuja tukaona haya. Nani angetamba mtaani kwamba timu yake ilichezewa na jini? Tukanyamaza. Tulinyamaza vizuri tu, mpaka kijana wetu Ridhiwani alipokwenda kuandika majina kumi na moja ukutani, watu wote wayaone, na lake halimo."

"Basi mtaje! Mtaje sasa hivi!"

"Nimemtaja tangu juzi, usiku na mchana. Hanisikilizi. Anasema atazungumza na mchezaji."

Kati ya wachezaji wote kumi na mmoja, aliyekuwa bado hai ni Kitwana peke yake.

*

Siku ya kumi ukutani yalibaki majina mawili. *10. Nurdin. 11. Kitwana.*

Kitwana alifika kijiweni kabla ya alasiri. Mwinyimvua alikuwa amejikunyata kwenye kona, na Ridhiwani alishika mlango wa duka lake wala asijue aufunge au atoroke. Mgeni alikuwa amekwisha kukaa. Mtaa ulijaa watu kama kawaida, wachukuzi na mizigo kichwani, mikokoteni, wauza maji, na wote walipofika pale kwenye benchi walikata kona kumpisha bila ya kumwona, bila ya kujua kwa nini miguu yao inapinda, kama maji yanavyolikwepa jiwe.

"Sajari," Kitwana akasema. "Nisamehe. Wasamehe wenzangu waliokufa. Leo nakuhesabu mbele ya watu. Namba kumi na mbili, Sajari."

Mgeni akatikisa kichwa. "Kumi na mbili ni wa benchi, Kitwana. Mimi nilicheza."

"Basi unataka nini?"

"Nafasi. Nitaje mahali pamoja tu na wote nitawarudisha, kipa kwa mkewe, Likwenya kwa wanawe, kila mmoja kwa watu wake. Ila akiingia mmoja, mmoja anatoka. Sheria hiyo mmeitunga nyinyi, siyo sisi. Na atakayetoka ametoka moja kwa moja."

Kitwana akajaribu kutafuta jina la mtu, Mungu amsamehe, jina la yeyote aliyekufa bila ya jamaa, asiye na wa kumlilia, akalitafuta namba sita na namba nane na namba moja, akagonga pengo baada ya pengo, kwa kuwa huwezi kumtoa mtu usiyemkumbuka, na kichwani mwake mlikuwa mmebaki watu wawili tu waliovaa jezi ya Chaza.

"Jua linashuka," mgeni akasema. "Ukinyamaza, namba kumi naondoka naye leo, na kesho namba kumi na moja, na kombe litabaki langu peke yangu. Namba kumi ni nani, Kitwana?"

Tayari uso wa Nurdin ulikuwa unafifia. Kitwana aliona pua ikienda, akaona kovu la nyusi likienda, akalishikilia lile goli kwa nguvu zake zote, kama anayemshikilia mtoto anayetelezea kisimani, na alichokifikiria si kombe wala klabu bali mama yake kitandani, jioni ile ile, akiulizwa Nurdin ni nani na kujibu kwamba hamjui, mama aliyekwisha kunyang'anywa mwana na macho, na sasa anyang'anywe hata jua lake la kuota.

"Namba kumi ni Nurdin!" akapiga kelele mpaka wachukuzi wakageuka. "Nurdin ndiye mfungaji! Namba kumi na moja..."

"Kitwana, usithubutu!" Mwinyimvua akalia.

"Namba kumi na moja, Sajari."

Kisha majina yakarudi kwa kishindo, kipa Mapande na mikono yake mipana, Likwenya na kidole chake, wote, wakijiandika kwa buluu ukutani mmoja baada ya mwingine, na Mzee Mwinyimvua akaruka benchini kama kijana, machozi na kicheko pamoja, akiwataja kwa sauti. Mgeni hakuwepo tena. Harufu ilikuwa imekwisha.

"Mzee!" Kitwana akamshika mkono. "Tumewapata! Wote!"

Mwinyimvua akautazama ule mkono, kisha uso. Akautoa mkono wake taratibu, kwa adabu.

"Alhamdulillahi, ndugu yangu. Na wewe ni shabiki wa Chaza? Karibu. Ridhi, mpe mgeni kahawa."

*

Alikimbia mpaka nyumbani. Alipita ukumbini, na wapangaji walichungulia na kuulizana ni nani huyo anayeingia bila ya hodi. Bi Zamda alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mto, uso umechangamka.

"Mama!"

"Nani?" Akageuza sikio. "Sauti yako siijui, baba."

"Ni mimi, Kitwana. Mwanao."

Kikongwe akacheka kwa huruma. "Umepotea nyumba. Mimi nilizaa wawili tu. Mdogo ni Nurdin, Mungu amrehemu. Alifunga goli mwaka themanini na nne, nchi nzima ikanijua. Ukae nikusimulie?"

Kitwana akakaa sakafuni. Mama akamsimulia neno kwa neno, kibendera na krosi na kichwa, kama yeye alivyomfundisha. Hakuna kilichopotea. Nurdin alipaa pale chumbani kama alivyopaa siku ile, na kwa kitambo kidogo Kitwana alifikiri kwamba ataweza kuishi hivyo, awe anakuja jioni jioni kama jirani na kuomba asimuliwe.

"Na huyo aliyemwaga krosi, mama," akauliza polepole, "alikuwa nani?"

"Si kaka yake! Mwanangu mkubwa, ndiye ninayeishi naye. Huyo anakuja."

Pazia la mlango likasogezwa. Aliingia mtu mwembamba, amejifunga msuli wa Kitwana, na mikononi ameshika bakuli la uji kwa kitambaa ili asiungue. Alipiga goti kando ya kitanda, akaupoza uji kwa pumzi yake, akamnywesha Bi Zamda kijiko cha kwanza. Kisha akamfuta kidevu.

"Ahsante, Sajari," mama akasema. Akanyoosha mkono hewani kuelekea sakafuni, alikosikia mtu akilia. "Na huyu mzee wa watu amepotea nyumba. Mwanangu, msindikize mpaka barabarani, giza linaingia."