Sikumwambia Zuhura

Nina miaka arobaini na mmoja, naishi Makorora hapa Tanga, katika nyumba aliyoniachia marehemu mama. Sina mume. Nina binti mmoja anayesoma sekondari, na yeye ndiye aliyenishauri niandike. "Mama, ukikaa nalo litakuua," alisema. Basi nawasimulia, wasomaji wenzangu, mnihukumu mtakavyo...

Kwa miaka kumi na tatu nilikuwa mwalimu wa dansi katika kikundi chetu cha maigizo, yale ambamo hadithi nzima inaimbwa na kuchezwa. Mwongozaji wetu, Bwana Kombo, ndiye aliyeamua nani aigize nini na asimame wapi. Mimi kazi yangu ilikuwa miguu na mikono: nani aanze, ageuke lini, nani amnyanyue nani. Mazoezi tulifanyia kwenye ghala la zamani kule Raskazone, nikihesabu moja mpaka nane hadi koo linakauka.

Zuhura alikuja kwetu kutoka Ushongo akiwa na miaka kumi na tisa. Nilimfundisha mwenyewe. Siku za mazoezi alilala kwangu, akala sahani moja na mwanangu, akaniita dada. Miaka minne haijapita, alikuwa akicheza vitu ambavyo mwili wangu ulishavikataa.

Siku moja Bwana Kombo aliniita pembeni. Kwa upole kabisa akaniambia kuwa baada ya onyesho lijalo Zuhura angeshika nafasi yangu, na mimi ningebaki kusimamia mavazi. Alisema goti langu limechoka, kila mtu anaona. Nikamjibu sawa. Hata nilitabasamu! Lakini nilipofika nyumbani nikamkuta Zuhura akimsuka mwanangu, kitu kizito kikanikaa kifuani, na hakikutoka tena.

Igizo lenyewe lilihusu bibi harusi anayetoroka. Mwishoni Zuhura alitakiwa kupanda juu ya ukuta wa mbao uliozidi kimo cha mtu mzima, kuhesabu mapigo manane ya ngoma, halafu kujiachia kinyumenyume. Chini vijana wanne wangemdaka. Mwanzoni mwa mazoezi alikuwa akigeuka kuwatazama kabla ya kujiachia. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia akigeuka watazamaji watajua kuwa yuko salama. Yeye ahesabu tu. Akatii.

Asubuhi ya onyesho Bwana Kombo akabadilisha. Wale vijana sasa walitakiwa kwanza kuondoa kiti cha bwana harusi jukwaani, kwa hiyo wangechelewa kufika ukutani. Zuhura asijiachie kwenye pigo la nane, asubiri la kumi na mbili. Zuhura mwenyewe hakuwapo, alikwenda kwa fundi kupunguza gauni. Bwana Kombo akaniagiza nimwambie, na wote wakasikia nikiitikia.

Alirudi saa saba mchana. Nilikuwa nikimfunga mkanda mgongoni aliponiuliza, "Dada, kuna kilichobadilika?"

Ni hapo, wasomaji wenzangu... Nilimtazama kwenye kioo nikasema, "Hakuna."

Nilitaka nini? Wallahi sikutaka aumie. Nilijiambia kuwa akifika juu ataona mambo siyo, atababaika, atasimama pale hajui la kufanya, na Bwana Kombo ataona bado ni mtoto. Aibu kidogo tu. Nilisahau, au nilijifanya kusahau, kwamba nilishamfundisha asitazame nyuma.

Onyesho lilianza alasiri, ukumbi umejaa. Mama yake Zuhura, Bi Tatu, alikaa mstari wa mbele. Mimi nilisimama nyuma ya pazia. Kila wimbo ulipokwisha nilijiambia, bado kuna nafasi, mwambie. Zuhura alipita mbele yangu mara tatu. Mara moja akanipa chupa yake ya maji nimshikie. Nikaishika tu.

Akapanda ukutani. Ngoma zikaanza. Nikahesabu naye... nne, tano, sita. Vijana walikuwa bado wamebeba kiti upande wa pili. Saba. Nikamwita, lakini sauti yangu haikuzishinda ngoma. Nane.

Watazamaji wakapiga makofi. Walidhani ndivyo igizo lilivyo.

Nyonga ya Zuhura ilivunjika vibaya, akapasuliwa mara mbili. Mbele ya kikundi kizima Bwana Kombo aliniuliza kama nilimwambia. Nikasema nilimwambia. Basi ikawa ndiyo habari ya mji: Zuhura alisahau.

Na yeye mwenyewe akaamini! Nilipokwenda kumtazama wodini alinishika mkono. "Nisamehe dada, nimekuharibia kazi. Sijui nilisahau vipi." Nikamwambia nimemsamehe.

Mnaelewa nilichofanya? Nilimsamehe.

Nafasi yangu nikabaki nayo. Ilinifaa nini? Kila nikihesabu, nikifika saba sauti inakatika. Baada ya miezi minane nikasikia kuwa Zuhura yuko kwao, anatembea kwa gongo, na hakubali hata kutumwa dukani, kwa kuwa anaamini kichwa chake hakishiki kitu. Hilo ndilo lililonishinda.

Nilikwenda Ushongo. Nikampa Bi Tatu shikamoo, akaitikia kwa furaha, akanimiminia chai. Sikuigusa. Nikawaambia yote. Bi Tatu akainuka, akaingia chumbani, nikasikia akikomea mlango. Zuhura akaniuliza:

"Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau, mdogo wangu. Uliniuliza, nikakudanganya."

Akalia. Kisha akaniomba niondoke, nisirudi mpaka aniite mwenyewe.

Huu mwaka wa pili, hajaniita. Nilirudi kwenye kikundi nikakiri mbele ya wote, nikaacha kazi. Sasa nashona mashuka. Nimesikia kuwa Zuhura anawafundisha watoto wa jirani kucheza, yeye akiwa amekaa kitini. Sijui kama ni kweli. Naomba iwe kweli.

Wewe unayesoma, yupo mdogo wako kazini anayekupita? Umia. Jifungie ndani ulie, au mwambie mkubwa wako wazi kuwa amekuumiza, jambo ambalo mimi sikulifanya. Lakini mwenzako akikuuliza neno ambalo usalama wake unalitegemea, mjibu. Mjibu ukweli kwanza, ndipo uendelee na chuki yako.