Bolti ya Nne

Kila alasiri, baada ya kutoka chuoni kusoma Kurani, Sundus alikuwa na kazi moja katika karakana ya mjomba wake, Fundi Barka, huko Siyu. Aliosha bolti kwa mafuta ya taa, akazifuta, kisha akazipaka grisi moja moja. Mafundi wa kisiwa cha Pate hawafungi bolti kavu. Hewa ya chumvi hula chuma mchana na usiku, na bolti iliyofungwa leo bila grisi, mwakani haifunguki ila kwa kukatwa. Sundus alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu tu, lakini weusi wa grisi ulikuwa umekwisha kuingia katika mistari ya viganja vyake, na sabuni haikuutoa.

Wiki ile kazi ilikuwa ya pekee. Pikipiki iliyosimama katikati ya karakana ilikuwa ya babu yake, Bwana Kamaludin. Aliinunua mwaka wa 1974, na kwa miaka thelathini aliiendesha akipeleka chanjo za watoto Faza, Kizingitini na kila kijiji chenye njia ya kupita gurudumu. Sasa mwanawe wa Mombasa alikuwa amemwita akaishi naye. Angeondoka Jumatatu, wala hakutazamiwa kurudi. Alikuwa na ombi moja.

"Msinipakie nyuma ya mtu kama gunia," alisema. "Nitaiendesha mwenyewe mpaka gatini Mtangawanda, kwenye mashua. Tukifika, ufunguo nitampa Sundus."

Alhamisi Barka alikwisha kubadilisha gasketi ya injini, kile kipande chembamba kinachozuia hewa na mafuta kuvuja. Kilichobaki ni kufunga kichwa cha silinda kwa bolti nne, ambazo Sundus alikwisha kuzipaka grisi. Kutoka Amu, mji wa Lamu, alikuwa ameazima spana ya kipimo, ambayo hupangwa kwa namba. Nguvu ya mkono ikifika kwenye namba hiyo, spana hulia "ta!" na fundi huacha kukaza.

"Nisomee kitabu, mwanangu," Barka alisema. Kitabu cha pikipiki kilikuwa cha Kiingereza, na kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya manjano.

"Kichwa cha silinda, bolti nne. Mbili nukta mbili," Sundus alisoma. Chini ya namba hizo palikuwa na mstari wa herufi ndogo. Macho yake yaliuruka, kwa kuwa namba alikuwa amekwisha kuipata.

Barka alipanga spana, akamkabidhi. Sundus alijivuna, kwani hakuwahi kuachiwa kazi kubwa namna ile. Mlangoni alikuwa ameegemea binamu yake Fawaz, kijana wa bodaboda.

"Wallahi injini ya Babu imekwisha," Fawaz alisema. "Mikono ya hina hiyo itakaza bolti, au itasuka ukili?"

"Na yako ya kubofya simu ingekaza nini?" Sundus alijibu. Barka alicheka, akageuka kusafisha kabureta.

Sundus alikaza kwa mpango, kutoka kona hadi kona, kwanza nusu ya nguvu, kisha nguvu kamili. Bolti ya kwanza ikalia ta! Ya pili na ya tatu zikalia vilevile. Ya nne ilianza kuwa nzito kama wenzake, kisha ghafla ikawa nyepesi, kama mwiko ndani ya uji. Spana ilizunguka, na haikulia.

Sundus aliacha kuzungusha. Aliinua macho akamwona Fawaz akimtazama, tabasamu tayari mdomoni.

"Ya nne imelia?" Barka aliuliza bila kugeuka. "Sikuisikia."

"Imelia, Mjomba. Ulikuwa ukipuliza kabureta."

Jumamosi Babu alikuja na mkongojo wake kuisikiliza. Injini iliwaka kwa kiki ya pili. Mzee aliweka kiganja juu ya tangi, akafumba macho.

"Nasikia mluzi mdogo," alisema.

"Ni gasketi mpya, Babu. Itakaa sawa," Barka alijibu.

Sundus alitazama sakafu. Angeweza kusema wakati ule. Angeweza kusema Jumapili pia, alipokutwa na mjomba wake akiigusa bolti ile kwa kidole. Badala yake alichukua kitambaa akajifanya anaifuta.

Jumatatu Bwana Kamaludin alivaa kanzu nyeupe na kofia yake ngumu ya kazini. Sundus alipanda nyuma yake. Fawaz na Barka walifuata na mzigo kwa pikipiki ya Fawaz. Kwa nusu ya safari mzee aliimba kwa sauti ya chini. Kisha ule mluzi ukawa mkubwa, mafuta meusi yakaruka juu ya kanzu, na injini ikazimika.

Barka aliinama, akaigusa bolti ya nne. Ilizunguka kwa vidole viwili.

"Sundus, hii ililia?"

"Haikulia," alisema, akaanza kulia yeye. "Tangu Alhamisi haikulia."

Hakuna aliyemgombeza. Mashua haikuweza kungoja, kwa kuwa maji yakitoka katika mlango wa bahari wa Mkanda haipiti. Babu alijifuta kwa leso, akampa Barka ufunguo, akapanda nyuma ya Fawaz. Fawaz alifunga mzigo nyuma ya mzee kwa mpira, akamwambia ashike vizuri. Siku ile hakuwa na mzaha wowote.

Sundus na Barka waliisukuma pikipiki hadi nyumbani. Walipofika, Barka alifungua kitabu.

"Soma tena. Soma yote."

Sundus alisoma mstari wa herufi ndogo: nyuzi za bolti ziwe safi na kavu.

Barka alisugua bolti ya nne kwa kidole, akamwonyesha grisi. "Grisi hufanya bolti iteleze," alisema. "Spana haijui hilo. Inangoja uzito, na bolti inazidi kuvuta, mpaka inang'oa nyuzi, ile mifereji ya kuzunguka iliyochongwa ndani ya tundu la alumini. Kosa hilo ni langu pia. Miaka ishirini nimepaka grisi kila kitu bila kuuliza. Lakini kosa la grisi hutengenezwa kwa siku mbili. Ungesema Alhamisi, leo Babu angeiendesha. Uongo wako ndio uliotunyang'anya Jumatatu."

Vifaa vililetwa kutoka Amu. Barka alitoboa tundu lililoharibika, akatia nyuzi mpya za chuma. Kazi ilichukua siku mbili, kama alivyosema. Sundus alikaza bolti zikiwa kavu, na zote nne zikalia. Baadaye tu ndipo alipopaka grisi vichwa vyake kwa nje, kuzuia chumvi.

Walimpigia Babu simu. Sundus aliisogeza karibu na injini.

"Mluzi umeondoka," Babu alisema.

"Ndiyo, Babu."

"Inakwenda vyema. Lakini mimi nilitaka kuiendesha, Sundus. Sikutaka kuisikia kwa simu."

"Nisamehe, Babu."

"Nilikusamehe palepale ndiani. Ila safari ile siipati tena, na sitaki ujidanganye kwamba nitaipata. Bolti ilikwambia ukweli saa ile ile, wewe ukakaa nao siku nne. Kitu kikiharibika mkononi mwako, sema kabla hujaiweka spana chini. Utaona haya, lakini watu watakuwa na wakati wa kutengeneza."

Kesho yake Sundus alirudi kwenye kopo lake la bolti. Alipofika ya tano alisimama.

"Mjomba, hii nimeiangusha. Nyuzi zake zimepondeka."

"Lete nione," Barka alisema, akampa nyingine.

Ufunguo wa pikipiki ulining'inia kwenye msumari juu ya meza. Sundus aliuona kila alipoinua kichwa, lakini hakuuomba.